Mama Anauliza Habari za Tundu

Alfajiri, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
Eliseo Bórquez amelishika puto kama ndama aliyezaliwa usiku.
Tumelichovya katika mafuta ya taa yenye uvuguvugu
mpira usipasuke mapema ukikutana na baridi ya juu;
glavu zangu zitanuka jiko hadi Desemba.

Chini ya puto, uzi wa mita thelathini,
mwisho wa uzi, kijisanduku cheupe:
pampu, betri, vikombe viwili vya maji ya chumvi
yanayobadilika yakionja ozoni.
Huo ndio ulimi tunaoutuma mbinguni.
Uonje, useme.

Upepo unatulia. Eliseo anahesabu kwa sauti, hafiki tatu.
Limeondoka.

Ndani, kwenye skrini, mstari unapanda na afya yake
hadi kilomita kumi na mbili.
Kumi na tatu, unaanza kusinyaa.
Kumi na nane: hakuna kitu. Maji hayajaonja chochote.
Kisha, juu ya ishirini na mbili, mstari unarudi
kama mtu aliyetoka nje katikati ya mazungumzo
akarejea bila kueleza alikokuwa.

Naandika kitabuni: mia moja ishirini na tisa.
Julai ilikuwa mia mbili na sitini.
"Tundu" ni jina la kukosea, Eliseo husema;
ni shuka lililochakaa katikati,
pale mlalaji anapojigeuza kila usiku.

Wiki tatu zilizopita, jua likiwa bado linachungulia tu,
tuliona mawingu yale ya juu sana,
rangi ya ndani ya kombe la chaza:
waridi, kijani, buluu ya moto wa gesi.
Mpishi alitoka na mwiko mkononi, akasahau mchuzi.
Sikumwambia kwamba ni humo, katika urembo huo,
klorini hunoa meno ikisubiri mwanga.
Mchuzi uliungua. Tuliula.

Jumapili Mama hupiga simu kutoka Punta Arenas.
Haulizi kama nimekula.
"Hilo tundu langu leo likoje?"

Langu, anasema, kwa sababu ya saluni.
Miaka kumi na tisa karibu na gati,
mabibi harusi, walimu wa kike kila Ijumaa,
na mkebe wa dhahabu mkononi mwake,
fyuuu, mpaka kichwa kikawa kofia ya chuma
ambayo hata upepo wa mlangobahari haukuweza kuifumua.
Nilikaa chini ya meza, nikilamba utamu ule hewani.
Nani angetuambia kwamba haushuki?
Kwamba nywele za Danica Mihovilović zingeota mvi,
zingezikwa naye,
na pumzi ya mkebe bado ingekuwa njiani.

Mwaka juzi daktari alimkata Mama kipande cha sikio,
kidogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho.
Akasema, "Basi tumelipana."
Nikamwambia hesabu haziendi hivyo.
"Wewe hesabu zako, mimi zangu."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa.
Lakini ufa huu hauna udongo wake, hauna fundi, hauna ngazi.
Unazibwa kwa kuacha:
mkono ulioinuka na mkebe ukarudi chini,
zamani, bila sherehe,
na tangu hapo ni kungoja, na kupima kungoja kwenyewe.

"Mia moja ishirini na tisa," namwambia.
"Na mwaka jana, siku kama leo?"
"Mia moja ishirini na moja."
Kimya. Nasikia birika lake likianza kulia.
"Nane," anasema.
Namwonya: nane si kitu, ni hali ya hewa tu,
mwakani huenda tukashuka hadi mia na kumi.
"Nane," anarudia, kama mtu anayehesabu chenji dukani
akakuta hakupunjwa.

Nje, Eliseo bado ameinua uso, pua imepakwa nyeupe,
analitafuta puto ambalo limekwisha kupasuka.
Namgongea dirisha.
Hasikii, au anajifanya.