Kanuni ya Saba

Kanuni ya kwanza niliiandika nyuma ya stakabadhi,
mwezi wa tatu, Newala imezama ukunguni
na ghala la ushirika halina hata gunia la kulinda:
chombo kinakwenda kilikokuwa kinakwenda.
Hokororo akauliza, "Hiyo nayo kanuni?"
Ndiyo. Angani hakuna breki,
hakuna mchanga wa kunasa gurudumu
kama ule wa njia ya Kitangari.
Ulichokwenda zamu iliyopita utakwenda tena,
labda ulipe mafuta, ugeuze pua.

Vyombo ni vifuniko vya chupa za dawa ya mikorosho,
tumevitia mabawa kwa wembe na gundi.
Cha Zuhura chekundu, kina jina refu kuliko chenyewe.
Vimondo ni korosho za daraja la pili;
za daraja la kwanza hatuna ubavu wa kuzitupa angani.
Sayari ni mfuniko wa sufuria ya mama yangu,
anaoutaka jikoni kabla ya magharibi.

Mbio za kwanza zilikuwa mbovu, nakiri.
Aliyetupa dadu akapata sita alishinda papo hapo,
sisi wengine tukawa wasindikizaji,
tunahesabu zamu kama ndoo kwenye foleni ya maji.
Njia iliyonyooka haimuulizi mtu swali.
Kona ndiyo inayouliza.
Nikaisogeza sayari, nikabana njia
kati ya korosho na ukingo wa meza,
nikaandika: apitaye karibu atavutwa, atapewa kasi ya bure;
apitaye karibu zaidi atapewa kaburi.
Hapo ndipo watu walipoanza kujishika shingo.

Zuhura alitaka mzinga.
"Mchezo wa vita, vita iko wapi?"
Nikampa mmoja, kwa sharti:
ukifyatua mbele, chombo kinasukumwa nyuma.
Akanuna. Akakopa kalamu yangu.
Jumamosi iliyofuata akaugeuza mzinga,
akafyatua nyuma, hakuna adui yeyote huko,
akatupita sote kama deni lililosahauliwa.

Kanuni ya saba sikuitunga. Ilikuja na simu.
Chikawe aliitwa katikati ya zamu ya nne,
akasikiliza, akavaa viatu,
akasema "Chezeni, narudi,"
akapanda gari la Masasi, na mbele ya Masasi.
Chombo chake cheusi kilikuwa kinaongoza,
kasi sentimita kumi na mbili.
Tukatazamana. Tukafungua daftari.
Kanuni ya kwanza haikusema mwenyewe awepo.

Basi Hokororo akanyoosha utepe wake wa cherehani,
tukakisogeza.
Kikavuka mstari. Kimeshinda, tukaandika,
lakini hakuna aliyethubutu kukisimamisha.
Kikatoka mezani, tukakiwekea ubao.
Kikapita juu ya mizani (haikutikisika),
kikapita dirishani,
karibu mita moja kila Jumamosi.
Sasa kiko kwenye rafu ya mafaili ya mwaka juzi.

Chikawe hupiga simu kutoka Tunduru, sauti inakatikakatika.
Anauliza mvua. Anauliza bei.
Juzi, kabla salio halijaisha:
"Somoe, nimefika wapi?"

Usiku huu nachora mbio mpya.
Vyombo vitatu, mafuta ya kona mbili tu.
Mwanzo: mezani. Mwisho sijauchora, kwa sababu unatembea.
Kukifikia cheusi si ushindi, wala kukipita;
sharti ulingane nacho kasi,
ukae ubavuni mwake zamu moja nzima bila kukigusa.
Nimejaribu peke yangu mara tano. Mara tano nimekipita.
Atakayeweza apewe nini, bado sijui.
Hokororo anasema utepe hautoshi, ataunga.

Na msimu ukifunguliwa magunia yatajaa humu mpaka darini.
Hilo nimeliandika kwa penseli, pembeni:
magunia ni wingu la vumbi.
Lizingatiwe. Lisizuie mtu.