Ndoo ya Mchele

Lenzi zangu hulala kwenye ndoo ya mchele,
kifuniko kimegandamizwa kwa jiwe,
kwa kuwa hapa Tanga unyevu huingia hata kwenye nia ya mtu.
Mke wangu akipima kibaba cha jioni
huziweka kando moja moja, kama mayai ya kuku wa jirani,
akisema: Chambi, leo tunakula wali au tunakula vioo?

Mimi si mpiga picha. Nahesabu magunia
stoo ya mbolea, karibu na reli.
Kamera niliinunua kwa fundi redio wa Barabara ya Nane,
naye aliitwaa kwa mtu aliyeshindwa deni,
mkanda unanuka jasho la nisiyemjua
na ndani picha moja: kiatu cha mtoto, cha kushoto.
Sijaifuta mpaka leo.

Lenzi pana ina ulafi.
Nilimpiga nayo Mwantumu fundi cherehani,
karibu kabisa, nikitaka na vitambaa vyote viingie.
Vikaingia: kanga, mkasi, paka, mlango wa pili,
na pua ya Mwantumu ikavitangulia vyote
kama mgeni rasmi.
Suruali yangu ilikaa kwake miezi miwili bila zipu.

Ile ndefu ina kuvu pembeni,
mizizi myeupe kama ramani ya mito.
Nilimwinda nayo chozi kwenye ua la mgomba
uani kwa Shekiondo, asubuhi nne mfululizo.
Nikisema sasa, hayupo.
Nina picha thelathini na moja za ua
ambalo ndege ametoka kuliacha.
Shekiondo alikuja kutazama, akauliza kwa upole
kama huko kazini bado wananihitaji.

Kuna usiku umeme ulikatika.
Nikaigeuza lenzi ndogo kinyumenyume,
nikaishikilia kwa vidole mbele ya kamera,
tochi mdomoni,
nikatazama uzi mmoja wa mkonge
uliochomoka kwenye kamba ya ndoo ya kisima.
Haukuwa uzi. Ulikuwa kichaka,
miiba juu ya miiba.
Miaka kumi na sita baba alianika singa hizo shambani,
akirudi nyumbani anajikuna,
nasi tukamcheka.
Sikupiga. Mkono ulitetemeka
au betri iliisha, sikumbuki kipi kilitangulia.

Basi Bi Zuwena, wa mkate wa kumimina.
Nilijibanza nyuma ya baiskeli za wateja
na ile ndefu yenye kuvu,
namvizia kama chozi.
Hakuinua kichwa. Alisema tu,
kwa sauti ileile anayopimia sukari:
Mwenye kunitaka huja na kigoda.

Nikaja. Na ile ndogo, sasa imekaa sawasawa,
isiyojua ujanja,
inayoona kama jicho lililolala vizuri.
Akaniuliza mama, akauliza mguu wa mama,
akauliza mbolea mwaka huu imekuwaje.
Akapanga makaa juu ya kifuniko.
Moshi ukageuka. Nikabonyeza mara moja.

Kosa nililiona nyumbani:
fokasi imeyakwepa macho, imeukwepa mdomo,
imekwenda kukaa sikioni.
Uso wote umeyeyuka kama samli,
sikio limesimama peke yake, na tundu tatu zisizo na hereni
na ndewe iliyochanika kidogo.

Nilitaka kuificha. Akanidai, mara ya kwanza, mara ya pili.
Akaishika mbali, akaisogeza,
akaipeleka kwenye mwanga wa mlango,
anatafuta mwenyewe pale inapotulia.
Kisha akajigusa sikio.

Hili la mama, akasema.
Nilidhani tulimzika nalo.

Akaifunga upindoni mwa kanga pamoja na noti zake,
akanikatia mkate, pesa akakataa,
akarudi kupuliza makaa.

Leo nimebadilisha mchele.
Kesho Jumapili,
na kwa Shekiondo, nimesikia,
ua la mgomba limefunua ganda jingine.