Kwa Anayeulizia Pikapu

Umeuliza, hata mlango hujaugusa,
kama ni gari la kutegemewa.
Ngoja. Fungua kwanza kidroo cha dashibodi,
kwa ngumi, hapo chini kushoto, halina njia nyingine,
utoe daftari lenye nembo ya kampuni ya mbegu.
Mwandiko ni wa baba yangu, Clem. Penseli tupu.
Wino, alisema, haustahimili joto la Wimmera.

*Kilomita 41,200. Mkanda wa feni, njia ya Warracknabeal.
Soksi ndefu ya Verna imeshika zamu.
Nimefika. Verna hasemi nami.*

*Kilomita 96,000. Radieta. Nzige.*

*Kilomita 187,500. Klachi. Mvua, hatimaye.*

*Kilomita 188,040. Klachi tena. Fundi mwongo.*

Zaidi ya hapo haandiki.
Miaka saba ya ukame imejikunja
ndani ya hilo neno moja, hatimaye,
na kondoo tuliowazika hawamo.

Sikufichi. Gia ya pili hukataa ukiwa na haraka.
Kioo cha abiria kilishuka mwaka niliomaliza shule,
kikapanda chenyewe siku ya mazishi ya babu.
Na Julai, umande ukiganda kwenye bodi,
usiliwashe kwa pupa:
subiri taa ya rangi ya chungwa izime,
kisha hesabu mpaka kumi na moja.
Kumi haitoshi. Tulishajaribu kumi.

Enzo wa mikate alinunua gari jipya la mizigo,
jeupe, lenye kamera nyuma
na sauti ya mwanamke ya kumkanya akivuka mstari.
Halijamaliza mwezi likagoma katikati ya mji,
taa zote zikiwaka mbele yake kama duka la Krismasi.
Akaja fundi na kompyuta.
Kompyuta ikasema gari ni zima.
Mikate mia mbili ikapoa kwenye trei
mpaka baba alipoipakia humu, chini ya turubai la pamba,
akaigawa hadi Brim,
na wiki nzima mbwa wetu alilamba chuma.
Baba hakumcheka Enzo.
Mwenye gari kuukuu hacheki: leo kwako, kesho kwangu.

Dulcie naye huapa lake halijamwangusha hata siku moja.
Hasemi kwamba kila jioni huliegesha mteremkoni,
na huku kwetu, tambarare mpaka macho yachoke,
mteremko ni mmoja tu, ukingo wa bwawa lake.
Nimemwona alfajiri, na kanzu ya kulalia,
akilisukuma, akilibembeleza kwa jina.

Sasa geuza mpaka ukurasa wa mwisho.

*Kilomita 402,316. Limezima. Nimekaa tu.*

Nilimkuta saa nne usiku, kando ya shamba la ngano,
taa za mbele zimefifia, rangi ya chai,
mikono yake yote miwili kwenye usukani.
Akasema, limenisaliti, Noeline,
baada ya yote haya.
Nikamwomba asogee.
Nikasubiri taa. Nikahesabu.
Likawaka mara moja, likanguruma kama kawaida yake,
na baba akanitazama
jinsi mtu anavyomtazama mgeni anayejua jina lake.

Halikuwa gari.

Siku hizi yuko Horsham, chumba chenye dirisha la maegesho.
Jumapili huniuliza kama limewaka.
Namjibu limewaka.
Huniuliza tena.

Bei ni ile niliyokwambia kwa simu, sipunguzi,
na tairi ya akiba haina pumzi, hilo nilisahau.
Daftari linabaki kwangu.
Penseli chukua.

Haya, panda. Tia ufunguo.
Taa hiyo, umeiona? Iache izime yenyewe.
Sasa hesabu, kwa sauti, nikusikie.
Usiishie kumi.