Nilikufa Mara Nne

Nipe chaja, si kalamu,
ninayo hadithi tamu
ya filamu yenye damu
ya rangi toka dukani.

Fundi simu Mbwana Lali
kauza mbuzi wawili,
friji ya mke wa pili,
akaingia vitani.

Vita ni vile vya Shela
vya mababu walolala,
Pate, Mvita, kwa hila
wakashuka ufukweni.

Jeshi lataka mamia;
sote tuliotimia
kumi na tisa, na pia
punda wa kwetu Langoni.

Kila kufa, mia tatu,
chai na mkate wetu;
wala hujeruhi mtu.
Nikafa nne, jamani.

Asubuhi ni wa Amu,
nikamwaga yangu damu,
nikalala kwa nidhamu
na sisimizi shingoni.

Cha pili nilikosea,
chafya ikanitokea.
Mbwana akanikemea:
“Maiti, chafya ya nini?”

Adhuhuri ni wa Pate.
“Nguo zigeuzwe zote,
adui sasa ni sote!”
Tukatoka mikokoni.

Aloniua mapema
mchana nikamchoma;
akacheka: “We, nakoma!”
Naye ni wangu jirani.

Kasoro? Zipo kwa pishi:
bunduki zisizo moshi,
kandambili kwenye jeshi
na nguzo ya simu, pwani.

Punda kafanywa farasi,
kasimama, hana kasi;
ngome ya makaratasi
akaila hadharani.

Usiku ulipofika
Mbwana shuka katundika,
watu pomoni, wacheka
hadi machozi machoni.

Mwenye duka la sinema
kaguna, kisha kasema:
“Za kizungu ndizo njema;
hii tieni jikoni.

Zina ndege na vifaru
na sauti za kudhuru,
farasi wa kweli, huru.
Yenu punda, tena duni!”

Sikujua la kujibu,
maana ana sababu;
nilikaa kwa aibu
nikijiona shukani.

Nyuma alikaa mama
wa Pate, Bi Mwanahima;
hakucheka, kasimama,
akauliza: “Ni nani

aliyemzika yule
mwenye kilemba, wa kule,
alolala pale pale,
mikono i mchangani?”

Yule ni mimi, wa tatu.
Mbwana hakuwa na kitu
cha kuwafukia watu;
betri ikafa njiani.

Kicheko kikakatika,
shuka ikatikisika,
upepo ukiishika
na maiti walo ndani.

Katika zile za ghali
wafu huanguka mbali
wala hawazui swali
huyu ni mwana wa nani.

Hapa akifa Famau
huwezi kumsahau:
kesho auza pilau
palepale forodhani.

Keshoye Bi Mwanahima
alileta shuka njema
na mia tatu, kasema:
“Kufa tena, ufukweni.”

Mbwana kaazima betri,
nikalazwa kwa uzuri,
punda kasimama shwari,
mchanga waja usoni.

Yule muuaji wangu
alifumba macho yangu,
vidole vyanuka dengu.
Sikucheka asilani.

Basi, yafaa kuona?
Utalala, utaguna,
sauti nusu hakuna,
picha nyingine gizani.

Dakika ile ya mwisho
haina hata vitisho,
ni mchanga tu na jasho.
Ingoje hiyo, mgeni.

Friji bado haijarudi
na mke amekaidi;
tozo yetu si zaidi
ya ishirini, langoni.