Vumbi Halifutwi Kavu

Weka chini hicho kitambaa, Anguyo.
Hujui ulichoshika.
Hilo unaloliita vumbi ni mawe,
mawe yaliyosagwa na malori njia ya Rhino Camp,
madogo kuliko yai la chawa,
makali kuliko ulimi wa wifi yangu,
na ukiyaburuta kavu juu ya boneti
umeshika msasa, mwanangu, hukushika kitambaa.

Haya nilimwambia siku ya kwanza.
Siku ya pili nikarudia.
Ya tatu nikamvua ile pete ya bati
aliyoinunua sokoni kwa mia tano,
na mkanda wake wenye kichwa cha simba
nikamgeuzia mgongoni,
simba asilambe rangi ya watu.

Hapa kwangu, nyuma ya stendi ya malori, Arua,
ambapo wanaume hushuka wakauliza
mwenye kazi yuko wapi
nami nimesimama mbele yao na mpira mkononi,
kazi huanza na maji.
Maji matupu. Kutoka paani.
Gari likija na joto la njia, lipoe kivulini kwanza.
Kisha yaache maji yashuke na mzigo wake,
mekundu, mazito kama uji wa mtama,
hadi yafike kwenye bampa yakiwa yamechoka kuwa na rangi.

Ndipo povu. Ndipo ndoo mbili,
ya bluu ya sabuni, ya njano ya kusuuzia,
na sifongo haitoki mlango huu kwenda ule
bila kuoga.
Ikianguka chini, imekufa. Ikazikwe kwenye matairi.
Wala usizungushe mkono kama asongaye ugali.
Nenda moja kwa moja,
bila kukandamiza,
uzito wa maji unatosha.

Alinielewa. Tatizo halikuwa kuelewa.

Tatizo lilikuwa Harrier nyeusi ya Onzima wa duka la dawa,
iliyorudi kutoka Yumbe Jumamosi moja
imevaa vumbi hadi kwenye kope za taa,
laini, tupu,
kama ubao kabla mwalimu hajaingia.
Na Anguyo alikuwa ameanza masomo ya jioni kanisani:
miaka kumi na tisa, herufi sita.
Nilikwenda kuchukua sabuni tu.
Niliporudi,
A N G U Y O,
kwa kidole, mlango wa nyuma,
na mwenyewe kando yake ametulia
kama anayesubiri kupigwa picha.

Sikugomba. Nilifungulia maji.
Vumbi likaenda.
Jina likabaki.

Ukisimama wima hulioni.
Inama, ungoje jua la saa kumi na moja lipite ubavuni mwa gari,
utaona nyuzi za kijivu, nyembamba,
buibui anayejua kusoma.

Nikampa kopo la polishi na kitambaa kipya.
Akasugua A. Akasugua N.
Sijawahi kuona mtu
akijifuta kwa bidii namna ile,
jasho likimdondoka puani,
akilipangusa kwa bega lisiguse mlango.
U iliondoka, Y na O ziliondoka.
Mkia wa G ulikataa.
Pale alikuwa amekaza kidole;
hata darasani, aliniambia baadaye,
herufi ile ndiyo inayomtesa.

Onzima alikuja, akalizunguka gari mara mbili,
akajiangalia mlangoni, akarekebisha kola,
akalipa elfu kumi na tano.
Mungu anisamehe, nilizipokea.

Sasa kila Jumamosi gari likirudi
Anguyo hamwachii mtu mlango ule.
Maji kwanza. Kutoka juu.
Halafu huinama,
kidogo zaidi ya kazi inavyotaka.