Zamu ya Usiku

Mama husaga usiku.
Si mahindi; soko la Kibaigwa limefungwa,
mizani imelala chini ya turubai.
Husaga meno, taya juu ya taya,
nasi watatu kitandani tunasikiliza
kama wanaosubiri zamu mashineni.

Ilianza mwaka ule mvua ilipokatika Februari:
magunia yakabaki saba,
mkopo wa kikoba ukabaki mzima.
Kila Jumatano akina Sechelela hufungua daftari,
na Mama hutabasamu midomo imefumbwa,
maana jino la mbele limemegeka.
"Mwenye deni na pengo," asema, "huchekwa mara mbili."

Tulimsindikiza Kongwa. Tabibu akamulika tochi.
"Unatafuna nini kigumu hivi?"
"Ugali tu. Na mlenda."
Mlenda! Unaoshuka wenyewe, hauombi hata jino.

Tabibu akaandika, akasita, akafuta.
"Unalala?"

Hapo Mama akasahau kufunika mdomo.
Alilia kinywa wazi, mbele ya wauguzi,
nasi tukayaona meno yake yote,
yamelika bapa
kama jiwe la bibi la kusagia uwele,
lile tunalozuilia mlango.