Mwenye Barua Mfukoni

Kichupa kilifika Ijumaa kwa basi la usiku,
kimelazwa kwenye barafu iliyokwisha kuwa maji.
Hakizidi kidole changu cha mwisho,
bei yake mshahara wangu wa miezi miwili,
na ndani yake: kumbukumbu ya sungura.

Sungura wa hadithi alikuwa mwongo.
Alimlaghai fisi, akampanda tembo mgongoni.
Huyu wa kichupani hakudanganya mtu.
Alichomwa sindano ya kitu kigeni,
damu yake ikaikariri sura ile
na inaikariri mpaka leo, hapa Mbeya,
Loleza ikiwa imejifunika ukungu hadi kidevuni.

Namtafuta mjumbe.
Kila seli ina wajumbe, kama nyumba kumi zetu kule Ilemi:
kutwa wanazurura mikono mitupu.
Lakini mlango wa seli ukibishwa hodi
mmoja anabandikwa fosfati, kijichembe tu, muhuri,
anashika njia ya kwenda kwenye kiini
na neno moja: gawanyika.
Wajumbe wote wana sura ile ile.
Sungura wangu humsalimu yule tu
mwenye barua mfukoni.

Jumatatu. Protini zilishuka ndani ya jeli,
nyepesi mbele, nzito zikijikongoja,
zikahamia kwenye utando mweupe.
Nikafanya alivyonifundisha Anyosisye kabla hajastaafu:
koroga maziwa ya unga, funika utando wote,
ziba kila pengo ambapo kingamwili ingejishikiza bure.
Kisha sungura, usiku kucha, kwenye friji.
Saa nane umeme ulikatika. Sikuhangaika.
Juni, fungua dirisha: Mbeya yenyewe ni friji.

Asubuhi, mbuzi.
(Ndiyo, mbuzi. Kingamwili ya pili,
inayomfuata sungura popote alipotua
na kuwasha taa hapo.)
Nikafunga mlango, nikafungua kamera.
Weusi. Utando mzima mweusi
kama sufuria ya makande iliyosahauliwa jikoni.

Nikalaumu umeme, nikalaumu basi.
Nikamlaumu sungura, maskini.
Ndipo Tusekile, aliye kwetu kwa mafunzo ya vitendo,
aliyekua Rungwe akikamua ng'ombe kabla ya kengele ya shule,
akasema akisuuza vikombe, hata hakugeuka:
"Lakini dada, maziwa nayo si yana fosfati?"

Maziwa.
Niliyoyaita yaje kuzima kelele
ndiyo yaliyoitika kuliko wote.
Nilimtuma sungura aulize, nani ana barua?
na pazia likajibu: mimi.

Tukarudia kwa albumini.
Siku tatu, tone kwa tone,
kichupa kikibaki theluthi.

Alhamisi jioni mistari ikaja.
Chini, protini ya kulinganishia, sawasawa kwa wote.
Juu, moja hadi sita: kimya.
Saba: mwembamba, kama kope.
Kumi na moja
mnene, mweusi, hauna haya.

"Imekubali!" Tusekile akapiga kofi moja,
la pili akaliacha hewani.

Simjui namba kumi na moja.
Lebo inasema mwanamke, miaka arobaini na minne,
Makete, shingo ya kizazi.
Labda analima viazi. Labda sasa hivi anaota moto,
anamkemea mtu aongeze kuni.
Na ndani yake wajumbe hawalali,
barua ile ile inapelekwa, inapelekwa tena,
na mlangoni
hakuna aliyebisha hodi.

Nikaandika daftarini: moja kwa elfu,
saa kumi na sita, nyuzi nne.
Nikapigia mstari mara mbili: USITUMIE MAZIWA.

Nje, mama wa chupa akaniuliza,
ya maziwa au ya rangi?
Ya rangi, nikasema.
Nikakishika kikombe kwa mikono miwili,
nikitazama upande wa Kitulo
mpaka chai ikapoa.